Mkuu, usijumlishe pembe kama vekta. Soma hapa kabla hujarusha droni

Achia kibodi kwanza. Hapo uliposema "nasoma gairo (sensa ya kasi ya mzunguko) kwenye x, y na z, nazidisha kwa muda, najumlisha, napata vekta ya pembe inayoonyesha droni imekaaje", hapo hapo ndipo nilipozikwa mimi pamoja na hela ya kikundi kizima.

Mezani ilikubali. Nainamisha mbele, sawa. Nageuza kushoto, sawa. Kila mhimili peke yake, safi kabisa, nikaanza kutembea kama mhandisi. Ikapaa, ikalala upande huku inageuka, kompyuta ikaamini imenyooka wakati imeinama vibaya. Ikaenda kusalimia bati la bwalo. Tukalaumu sensa, tukachanga tena, tukanunua ya bei mbaya zaidi. Ikaanguka vile vile, ila sasa kwa usahihi mkubwa.

Aliyetuingiza chaka ni mwalimu mmoja wa tuisheni: "Chenye ukubwa na mwelekeo ni vekta, andika, tuendelee." Tuendelee wapi, bwana? Sharti la tatu alilimeza: vekta lazima zijumlishike, na A+B iwe sawa na B+A. Mzunguko una ukubwa, una mhimili, na bado unafeli hapo.

Chukua kitabu, kilaze mezani jalada juu, mgongo kushotoni kwako. Nyanyua ukingo ulio mbali nawe mpaka jalada likutazame, kisha kigeuze nyuzi 90 kinyume cha saa ukikitazama kwa juu. Kimesimama wima, mgongo unakutazama. Kirudishe, anza na kugeuza, kisha nyanyua ukingo wa mbali. Sasa kimekalia mgongo wake na jalada ndilo linakutazama. Pembe zile zile! Ukizijumlisha kama vekta (kwa Pythagoras, maana mihimili hiyo miwili imekutana kwa pembe mraba) unapata kama nyuzi 127; mzunguko halisi ni nyuzi 120, tena kwenye mhimili mwingine kabisa, na mhimili huo unategemea ulianza na kipi.

Utaniambia vipande vya gairo ni vidogo. Kweli, nyuzi 1 na nyuzi 1, ukibadili mpangilio tofauti ni kama nyuzi 0.017 tu. Ndiyo maana kasi ya mzunguko, omega, ni vekta halali: inahusu kipande kidogo kupita kiasi. Lakini gairo imefungwa kwenye droni! Droni ikishageuka, x ya sasa siyo x ya mwanzo, na wewe unavitupa vyote kwenye kapu moja. Unaweza hata kuyumba, jumla zote tatu zikarudi sifuri, na droni isirudi ilivyokuwa.

Kwa hiyo: KASI JUMLISHA, MIZUNGUKO ZIDISHA. Kila usomaji, omega mara muda, igeuze kuwa mzunguko mdogo, uzidishe kwenye mkao uliopo, kwa mpangilio wake. Tumia matriksi (jedwali la namba) au kwatenioni (namba za vipande vinne zinazobeba mzunguko). Kwatenioni aligundua mwanahisabati Hamilton tangu 1843, hakuna sababu ya kuendelea kuua droni.

Wewe bandika hapa ule mstari wa programu wenye alama ya kujumlisha, na betri uitoe kwanza.