Nilifunga siku 21, siku ya 22 akanivunja kidole

Jumatatu dada mmoja ameniandikia: "Dada, nikifunga siku saba kwa ajili ya mume wangu, ataacha kunipiga?" Nimeshindwa kumjibu kwa mistari miwili.

Mimi nilifunga 21. Maji mchana, uji jioni, shati lake nimelilaza chini ya Biblia nauombea ule mkono. Siku ya 22 akanivunja kidole kisa chumvi kwenye mboga. Nikakimbilia kwa mama mchungaji wetu wa wakati ule, akanifungulia Malaki 2:16: Mungu anachukia kuachana. Nikarudi. Nilirudi mara nne, tena najiona nina imani kuliko wanawake waliokimbia. (Kidole mama mchungaji alikiona kilivyovimba. Bado inaniuma, sitadanganya.)

Usiku mmoja nimejifungia chooni na mwanangu, nikausoma ule mstari kwa tochi ya simu, mpaka mwisho. Kumbe haukomei kwenye kuachana! Unamgusa pia anayeifunika nguo yake kwa udhalimu. Kipande hicho sikuwahi kusomewa. Kesho yake nikafika 1 Samweli 19. Sauli anataka kumchoma Daudi kwa mkuki, Daudi anakwepa, mkuki unakita ukutani, usiku mkewe anamteremsha dirishani. Mpakwa mafuta wa Bwana alitoroka, wapendwa. Hakubaki kuuombea mkuki.

Ya polisi, Dawati la Jinsia, baraza la usuluhishi na mahakama nayaruka kusimulia, ni nauli na foleni tupu. Leo nina vyerehani vitatu na mabinti wawili ninaowafundisha kushona. Niacheni nijisifu kidogo.

Imani haikuzuia ngumi hata moja. Ilinizuia nisijione takataka, na hilo si dogo. Kwa hiyo omba, mwanamke! Lakini ombea mahali ambapo yeye hana ufunguo. Vyeti vya watoto vifunge kwenye kitenge, mpe jirani unayemwamini. Akikuumiza, kachukue PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, kabla alama hazijafutika. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 66, haimpi mume wala mke haki ya kumchapa mwenzake. Halafu omba tena. Na anayekwambia "vumilia", muulize kama binti yake naye angemrudisha.

Wewe wa Jumatatu, ukipata nafasi ya kushika simu mwenyewe, nambie uko mkoa gani. Nauli tutachanga.