Kukipa uhalisia kifaru cha rimoti: Tiger I ya Tunisia kwa kipimo cha 1/16

SWALI: Fundi, salaam. Nina modeli ya rimoti ya Tiger I, kifaru cha Wajerumani cha Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ya kipimo cha 1/16, yenye bodi ya plastiki. Inatembea vizuri, inazungusha mnara wa mzinga na kutoa moshi, lakini ukiisogelea unaona kitu cha kuchezea watoto. Nataka ifanane na Tiger zilizopigana Tunisia mwaka 1943. Nimekwisha kununua minyororo ya chuma, seti ya vipande vyembamba vya shaba ya manjano na unga wa rangi wa kuigizia vumbi. Nianze na kipi, nifanye nini ili vipande visidondoke kifaru kinapotembea, na je, nipake ile zimmerit yenye mifereji?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa jibu lake ni fupi: usiipake. Zimmerit, yaani ule udongo maalumu uliopakwa kwenye deraya ili mabomu ya sumaku yasinate, ilianza kupakwa viwandani katika nusu ya pili ya mwaka 1943, ilhali majeshi ya Ujerumani na Italia yaliyokuwa Tunisia yalisalimu amri mwezi Mei mwaka huohuo. Tiger ya Tunisia yenye zimmerit ni kosa ambalo mtu anayevijua vifaru hivi ataliona akiwa bado mlangoni, na hakuna rangi nzuri itakayolifunika.

Tarehe hiyohiyo ndiyo itakayokuamulia mambo mengine mengi kabla hujashika msasa. Tiger ya Tunisia ina kibanda cha kamanda chenye umbo la pipa, si kile kifupi cha kusubu kilichokuja katikati ya mwaka 1943. Ina taa mbili mbele, si moja ya katikati. Ina mirija mitatu ya kurushia mabomu ya moshi kila upande wa mnara. Ina magurudumu yenye raba ukingoni, kwa kuwa yale ya chuma kitupu yalianza mwaka 1944. Na nyuma ina vichujio vya hewa vya Feifel pamoja na mabomba yake manene, vilivyowekwa kwa ajili ya vumbi. Itazame pia minyororo uliyoinunua. Ikiwa kila pingili ina vijino vya mshazari usoni, hivyo ni vya kushikia barafu na vilikuja baadaye mwaka 1943, hivyo huna budi kuvisaga kwa tupa au kubadilishana minyororo hiyo na mtu anayetengeneza Tiger ya mwisho wa vita.

Kielelezo bora ulichonacho ni Tiger 131, iliyotekwa na Waingereza nchini Tunisia mwezi Aprili 1943 na ambayo hadi leo imo katika Jumba la Makumbusho ya Vifaru la Bovington, Uingereza, ikiwa inatembea kwa injini. Picha zake za sasa zitumie kujifunza umbo, mishono na mahali pa kila skrubu, lakini usizitumie kujifunza uchafu, kwa sababu kifaru kinachotunzwa jumbani hupakwa rangi na kusafishwa. Uchafu jifunze kutoka picha za wakati wa vita, hata kama ni nyeusi na nyeupe.

Sasa nianze na kipi? Anza na minyororo, na usiguse kipande kimoja cha shaba kabla kifaru hakijatembea na minyororo hiyo hadi ukaridhika. Minyororo ya chuma huongeza uzito, huibana giaboksi na hubadilisha kimo cha bodi kutoka ardhini. Giaboksi yenye gia za plastiki haitaistahimili muda mrefu, na magurudumu ya meno ya plastiki yatalika. Badilisha magurudumu ya meno ya mbele na yale ya kukazia ya nyuma yawe ya chuma, tia beringi kwenye ekseli, kisha rekebisha ukazaji hadi mnyororo ulegee kiasi na kulala juu ya magurudumu. Tiger halisi haikuwa na vigurudumu vya juu vya kuubeba mnyororo, na ule mlegeo ndio unaoufanya uonekane mzito. Mnyororo uliokazwa kama kamba ya kuanikia nguo huua uhalisia wote, na zaidi ya hapo hulazimisha mota kula umeme mwingi.

Mwendo nao ni sehemu ya uhalisia, ingawa wengi huusahau. Tiger nje ya barabara ilienda takribani kilomita 20 kwa saa. Ukigawanya kwa 16 unapata sentimita 35 hivi kwa sekunde. Ikiwa kidhibiti chako kina mpangilio wa kuanza na kusimama polepole, utumie. Kifaru cha tani 57 hakichomoki kama panya.

Tukija kwenye bodi, jambo linaloiumbua plastiki kuliko yote ni ulaini wa uso wake na unene wa kingo zake. Pima bawa la tope la pembeni. Likiwa na unene wa milimita 1.5, ambao ni wa kawaida kwa modeli hizi, maana yake kwenye kifaru halisi lingekuwa na milimita 24, ilhali lilikuwa bati jembamba tu. Hapo ndipo vipande vyako vya shaba vinapostahili gharama yake: mabawa ya tope, nyavu za matundu ya hewa juu ya injini, vishikizo vya zana na kinga za bomba la moshi. Usisikitike bawa la shaba likikunjwa na mguu wa meza. Picha za Tunisia zimejaa mabawa yaliyokunjika au kung'oka kabisa, na mkunjo wa kweli hauigiziki kwenye plastiki.

Kwa upande mwingine, sehemu zilizokuwa nene ziache nene. Deraya ya mbele ya bodi ilikuwa milimita 100, yaani milimita 6.25 kwa kipimo chako, na ya ubavu wa juu milimita 80, yaani milimita 5. Pale mbavu zinapochomoza mbele na kubeba pete za kukokotea, unene wa bamba unaonekana wazi, na modeli nyingi huwa na uwazi au upana usiofaa hapo. Jaza kwa epoksi ya udongo, piga msasa, kisha kwenye kingo chora mistari midogo ya wima kwa kipande cha msumeno wa chuma, ili ionekane kwamba bamba lilikatwa kwa moto wa gesi.

Mabamba ya Tiger yalikuwa ya chuma kilichobanwa bapa kwa rola, kwa hiyo usiyapake ukwaru kotekote kama wanavyofanya watu walioiga kutoka kwenye mnara wa kusubu wa T-34, kifaru cha Kisovieti. Ukwaru wa kusubu unastahili ngao ya mzinga, ile iliyoshika shina la mtutu. Hapo pakaza filla iliyolainishwa, kisha igongegonge kwa brashi ngumu iliyokatwa fupi kabla haijakauka, na ikishakauka pitisha msasa mwepesi ili vilele pekee vipungue.

Mishono ya kuchomelea ndiyo kazi ninayokusihi uipe muda. Chukua epoksi ya udongo ya sehemu mbili, ichanganye, iviringishe juu ya kioo chenye unyevu hadi upate uzi wa unene wa milimita moja au zaidi kidogo, uulaze kwenye maungio ya mabamba, kisha uubonyeze hatua kwa hatua kwa mrija mdogo uliokatwa nusu duara. Kila mbonyezo unaacha alama kama mwezi mwandamo, na alama zikifuatana unapata mshono wa mchomeleaji. Kidole chako na kifaa vilowanishe kwa maji, vinginevyo udongo utanata na kuinuka. Usiulinganishe mshono kupita kiasi, kwa sababu mchomeleaji halisi husimama, hubadilisha fimbo na kuanza tena, na pale anapoanzia pana kinundu.

Swali lako la vipande kudondoka linahusu gundi, lakini linahusu zaidi namna ya kushikiza. Supaglu hukauka ikawa ngumu na kavu kama kioo, hivyo mtikisiko wa giaboksi huivunja baada ya muda mfupi. Bodi nyingi za modeli hizi ni za plastiki ya ABS, na gundi ya kuyeyusha iliyotengenezwa kwa ajili ya polistirini haiishiki vizuri. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kitu chochote kinachoweza kuguswa na mkono hakitegemei gundi peke yake. Kwa kila kishikio toboa kwenye bodi matundu mawili ya milimita 0.8, pitisha waya wa shaba wa unene huohuo hadi ndani ya bodi, ukunje ncha zake kwa ndani na uzizibe kwa epoksi ya taratibu. Shaba kwa shaba iunge kwa kulehemu. Zana za pembeni, kama koleo na shoka, zifunge kwa vishikizo vyake na uzitie kipini cha waya kwa chini. Kamba ya kukokotea ya plastiki itupe, uweke waya wa chuma uliosokotwa, uliochomwa kwanza kwenye moto ili ulainike na kulala bila kujinyanyua. Kabla ya kupaka rangi, zungusha mnara mzunguko kamili huku mtutu ukiwa umeshushwa, uhakikishe haukwaruzi vichujio vya Feifel wala zana za juu ya bodi.

Kuhusu rangi sitasema mengi. Osha kwa maji na sabuni, puliza praima, kisha rangi ya msingi ya hudhurungi ya manjano kwa tabaka nyembamba. Rangi ya msingi iwe ya akriliki na maji ya kuingiza kivuli kwenye mifereji yawe ya mafuta, ili tina ya tabaka la pili isiyeyushe tabaka la kwanza. Tahadhari moja tu: tina hiyo ikituama kwenye ABS iliyobanwa na skrubu, plastiki hupasuka, wakati mwingine siku kadhaa baadaye. Legeza skrubu kabla ya kazi na upake kidogokidogo.

Uchakavu ndiko wengi wanakoharibu. Tiger 131 ilitoka kiwandani mapema mwaka 1943 na ikatekwa Aprili, kwa hiyo haikupata nafasi ya kuliwa na kutu ya kahawia iliyokomaa. Kutu nzito iache kwenye mabomba ya moshi, ambako joto huunguza rangi mapema. Mikwaruzo iweke mahali ambapo wanajeshi walipanda, walishika na kutua viatu: kingo za milango, sehemu ya juu ya bodi karibu na dereva, ngazi ya kuingilia mnarani. Ukitaka makovu ya vita, Tiger 131 yenyewe inayo. Risasi ya kifaru cha Kiingereza aina ya Churchill iligonga chini ya mtutu, ikateleza na kukwama mahali mnara unapokutana na bodi, mnara usiweze kuzunguka tena. Mzinga wa Churchill hiyo ulikuwa wa milimita 57, basi kovu lako liwe na upana wa milimita 3.5 hivi, lenye mfereji mfupi wa kuteleza na kingo zilizotutumka. Tundu la ukubwa wa shilingi litakuwa la mzinga ambao haukuwepo.

Vumbi nalo lifikirie kijiografia. Kaskazini mwa Tunisia, ambako Tiger nyingi zilipigana, si bahari ya mchanga bali ni vilima na mashamba ya ngano, na mvua za baridi huko hutengeneza tope zito. Kwa hiyo weka tope lililokauka sehemu za chini, na vumbi jepesi juu. Unga wa rangi usiumwage na kuuacha; uchanganye na kinatishio cha akriliki kilichozimuliwa, uupake kwa brashi, kisha upulize vanishi isiyong'aa. Usiuweke kabisa kwenye ekseli, kwenye meno wala katikati ya magurudumu yanayopishana, kwa sababu ni kama msasa na utakula beringi. Mahali ambapo mnyororo husuguana na magurudumu usipake rangi ya fedha. Kitembeze kifaru kwenye changarawe na msuguano utapang'arisha wenyewe, tena mahali panapostahili. Eneo linalozunguka tundu la moshi lifunike kwa vanishi mara mbili, kwani mafuta ya kifaa cha moshi hurudi yakiwa matone na kuchafua unga wote uliokuwa karibu.

Mwisho ni redio. Antena ya mapambo, ambayo kwa fimbo ya mita 2 ya kifaru halisi inakuwa milimita 125, itengeneze kwa waya mwembamba wa kinanda na uitie kwenye kitako cha raba ili ipinde bila kuvunjika. Antena ya kweli ya kipokezi cha 2.4 GHz ni ule waya mfupi uliomo ndani ya bodi, na chuma kikiizunguka mawimbi hudhoofika. Ikiwa umeweka sakafu ya chuma, giaboksi za chuma na nyavu za shaba juu, ipandishe ncha ya waya huo kwenye mrija wa plastiki hadi ndani ya mnara, mbali na mota na betri. Kisha funga kila kitu, mwachie mwenzako rimoti, utembee na kifaru hadi mwisho wa uwanja ukiwa umekinyanyua mkononi, huku yeye akiuzungusha mnara. Mnara ukisitasita kabla ya umbali unaoutumia kwa kawaida, fungua bodi na uhamishe waya kabla hujazifunika skrubu kwa tope.