Apimwe dioksini kwanza, ndipo adai fidia ya Vietnam?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa Columbus, Ohio. Baba mkwe wangu ana miaka 77. Alikuwa Long Binh, Vietnam, 1969 hadi 1970, karani wa ghala. Ana kisukari tangu 2004 na sasa anachoma insulini, miguu inamwaka moto usiku, na presha anaimezea vidonge. Hajawahi kulipwa fidia yoyote. Anasema yeye hakunyunyiziwa kitu wala hakugusa pipa la Agent Orange, ile dawa ya kuua mimea iliyomwagwa na jeshi la Marekani kule, na VA, idara ya Marekani ya askari wastaafu, walipomfanyia uchunguzi miaka ya 1990 walimwambia yuko salama. Rafiki yake anamshauri apime kwanza dioksini kwenye damu ili apate ushahidi. Kuna mtu anamuuzia dawa ya miti shamba ya "kutoa sumu ya vita", na kampuni moja inapiga simu kila wiki ikitaka malipo ya miezi 5 ya fidia ili imshughulikie. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Damu ya mzee iacheni kwanza. Kipimo cha dioksini VA hawakihitaji, mimi tabibu hakinisaidii kumtibu, na gharama yake, ambayo si ndogo, italipwa na mzee mwenyewe. Swali hili linanijia mara nyingi kuliko jingine lolote kuhusu wazee wa Vietnam, na kila mara roho inaniuma, maana najua kuna mzee mahali fulani ameshapoteza miezi akisubiri majibu ya maabara wakati fomu yake haijaandikwa hata jina.

Fanyeni hesabu. Dioksini iliyochafua Agent Orange, ile inayoandikwa TCDD, hujificha kwenye mafuta ya mwili na hupungua kwa nusu kila miaka 7 hadi 11 hivi. Tangu mzee apande ndege ya kurudi nyumbani imepita zaidi ya miaka 50. Hata tukisema nusu moja ni miaka 10, kilichobaki leo hakifiki fungu moja kati ya 30 ya alichotoka nacho. Na hapo ukumbuke kwamba kila mtu ana dioksini kidogo mwilini, wewe na mimi pia, kwa sababu hutokana na moshi wa taka na viwanda na kutufikia kupitia nyama, samaki na maziwa. Mzee akipimwa sasa, uwezekano mkubwa atapata namba inayofanana na ya kijana aliyezaliwa juzi. Atarudi nyumbani akiamini kwamba hakudhurika, na dai litafia hapo hapo.

Hili si jambo la kukisia. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilipima damu za askari wa nchi kavu zaidi ya 600 waliokuwa Vietnam na kuzilinganisha na za askari ambao hawakupelekwa kule. Matokeo yalitoka 1988, na wastani wa makundi yale mawili ulikuwa karibu sawa. Hapo ilikuwa imepita miaka 20 tu hivi tangu watoke Vietnam! Waliokutwa na kiwango cha juu ni wanajeshi wa anga wa operesheni ya Ranch Hand, wale walioishika dawa yenyewe na kuimwaga kwa ndege za C-123 kati ya 1962 na 1971. Kipimo hiki kina kazi pale sumu ikiwa bado mbichi mwilini, kama ilivyokuwa kwa Viktor Yushchenko, mwanasiasa wa Ukraine aliyelishwa dioksini mwaka 2004. Kwa karani aliyerudi 1970, hakina la kusema.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo watu wanapopotezwa. Sheria ya Agent Orange ya 1991 iliwaondolea askari mzigo wa kuthibitisha kwamba sumu iliwafikia. Aliyekanyaga ardhi ya Vietnam wakati wowote kuanzia 9 Januari 1962 hadi 7 Mei 1975 anahesabiwa kuwa alifikiwa. Awe mpishi, karani au dereva. Awe amekaa mwaka au siku moja. Hakuna atakayemuuliza aliona nini kikidondoka kutoka angani. Mwambie baba mkwe kwamba hata hayo mapipa hayakuwa ya rangi ya chungwa. Ni mstari tu uliochorwa kuzunguka pipa, kwa hiyo kutokuyaona hakumaanishi kwamba hayakupita karibu yake.

Akishathibitisha kwamba alikuwepo, anachobaki kuonyesha ni ugonjwa alionao leo. Kama ugonjwa huo umo kwenye orodha ya VA, uhusiano kati ya hivyo viwili unachukuliwa kuwa upo. Daktari wake hana haja ya kuandika kwamba kisukari kililetwa na Agent Orange. Aandike tu kwamba ni kisukari cha aina ya 2 na dawa anazotumia. Ya kuwepo kwake kule, itafutwe DD-214, cheti chake cha kumaliza jeshi, na kama kina mapengo, waombe faili la utumishi kutoka hifadhi ya kumbukumbu iliyoko St. Louis. Msikubali kuambiwa "faili liliungua." Moto wa Julai 1973 ulichoma kumbukumbu za wanajeshi wa nchi kavu walioacha jeshi kabla ya 1960 na za wana anga walioacha kabla ya 1964. Mzee aliyerudi 1970 hayumo.

Na ule uchunguzi wa miaka ya 1990? Kwa maelezo yako, huo ulikuwa uchunguzi wa rejista ya Agent Orange. Ni wa bure na ni wa kiafya, lakini haukuwa dai la fidia na hauhesabiwi kuwa dai. Wazee wengi wameishi miaka 30 wakidhani walidai na wakakataliwa, kumbe hawakuwahi kudai. Tena wakati ule kisukari hakikuwemo kwenye orodha, kiliingizwa 2001. Presha imeingizwa juzi, kwa sheria ya PACT ya Agosti 2022. Kwa hiyo jibu la "uko salama" lilikuwa la siku ile na orodha ya siku ile, na mwenyewe kisukari kilikuwa hakijamwanza.

Miguu inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapo hata watu waaminifu hukosea. Kwenye orodha kuna ugonjwa wa neva za mikono na miguu, lakini ni ule unaoanza mapema: lazima uwe umejitokeza kwa kiwango fulani ndani ya mwaka mmoja tangu askari afikiwe na sumu. Akiudai kwa mlango huo, anakataliwa, maana miguu yake imeanza kuwaka miaka mingi baadaye. Mlango wake ni mwingine. Neva zake zimeharibiwa na kisukari, na kisukari kinatambuliwa, basi miguu inadaiwa kama ugonjwa uliozaliwa na kisukari. Hapo ndipo barua ya daktari inapohitajika, yenye maneno haya: uwezekano kwamba neva zimeharibiwa na kisukari ni nusu kwa nusu au zaidi. Nusu kwa nusu inatosha, hawaombi uhakika. Kila mguu unapewa asilimia yake ya ulemavu, ambayo VA hupangia malipo. Figo, macho na nguvu za kiume navyo hupitia mlango huo huo, na najua hilo la mwisho mzee hatamwambia mkamwana. Mwanawe akae naye amuulize.

Presha idaiwe pia, hata kama vidonge vimeituliza na VA wakaipa asilimia 0. Sifuri iliyotambuliwa si sawa na kukataliwa. Kesho akipata kiharusi, au moyo ukichoka, kuna pa kukiunganishia.

Nije kwa muuza miti shamba, na hapa sitaongea kwa upole. Hakuna mzizi, juisi, chai wala mchanga wa kuogea miguu ambao umethibitishwa kuwa unaitoa dioksini kwenye mafuta ya mwili wa binadamu. Wengine wanatundikia wazee dripu za kuondoa metali. Dioksini si metali! Dripu ile haina pa kuishika. Halafu madhara ya dioksini hayafanani na uchafu uliokwama kwenye bomba, kwamba ukisukumwa mtu anapona. Kongosho limeshachoka, neva zimeshaumia. Leo hata ungeitoa yote hadi tone la mwisho, kisukari kingebaki pale pale, na kingetaka insulini ile ile.

Nilimhudumia mzee mmoja, naye alikuwa Vietnam, aliyeambiwa aache insulini siku 14 ili "dawa isigombane na dawa". Siku ya tisa aliletwa hajitambui, mdomo umekauka, sukari imepanda kupita uwezo wa mashine ya nyumbani kuisoma. Alipona, lakini figo zake hazikurudi zilivyokuwa. Aliyemuuzia hakuonekana hospitalini, na pesa hazikurudishwa.

Hiyo kampuni inayopiga simu ni ndugu wa huyo muuza dawa. Kule kwetu tungewaita vishoka. Sheria ya Marekani hairuhusu mtu yeyote kutoza ada kwa kuandaa dai la kwanza la askari. Wakili au wakala aliyeidhinishwa na VA anaweza kutoza baada ya uamuzi wa kwanza kutoka, kama mnaupinga. Kwa dai la kwanza kuna wawakilishi wa bure: vyama vya askari wastaafu kama DAV, American Legion, VFW, Vietnam Veterans of America, na katika kaunti nyingi kuna ofisi ya huduma za maveterani. Anayesema anakusaidia, muulize kama ameidhinishwa, kisha mtafute kwenye orodha iliyoko kwenye tovuti ya VA. Kishoka ukimuuliza hivyo atakwambia yeye ni "mshauri" au "mkufunzi", si mwakilishi. Usimpe namba ya siri ya akaunti ya mzee, wala usisaini chochote.

Nawaandikia pia wenzetu wote wanaofanya kazi ya kutunza wazee huko Marekani, ambao ni wengi sana. Mnawaogesha na kuwalisha wanaume hawa, na wengine huongea na ninyi kuliko wanavyoongea na watoto wao. Ukisikia mzee alikuwa Vietnam, ana Parkinson, moyo wa mishipa iliyoziba, saratani ya tezi dume, ya kibofu au ya mapafu, na hajawahi kudai, mwambie mwanawe. Ukisikia alikuwa kwenye kambi za Thailand, Guam, mpakani mwa Korea mbili, au kwenye meli ndani ya maili 12 za bahari kutoka pwani ya Vietnam, mwambie vile vile, kwa sababu maeneo hayo nayo yameingizwa kwa vipindi vyake. Na akikuonyesha chupa isiyo na lebo aliyotumiwa kwa posta, mpelekee nesi kabla hajainywa.

Kwenu ninyi, leo hii, kabla ya kitu kingine, mzee apige simu VA aseme anaweka nia ya kudai. Ni dakika chache na hailipiwi. Tarehe hiyo ndiyo malipo yanaweza kuhesabiwa kutokea, na mna mwaka mmoja mzima wa kukusanya karatasi na kukamilisha fomu. Mkikuta kwamba aliwahi kweli kudai ugonjwa fulani kabla haujaingizwa kwenye orodha na akanyimwa, mwakilishi alisome faili la zamani, kwa sababu kuna hukumu ya mahakama inayojulikana kama Nehmer ambayo inaweza kurudisha tarehe ya malipo nyuma sana. Na mama mkwe aonyeshwe nakala za karatasi hizo zinawekwa wapi. Ikitokea mzee akafariki dai likiwa bado mezani, mama ana mwaka mmoja wa kuomba kuliendeleza kwa nafasi ya mumewe.