Msaada wa kijeshi unazima vurugu au unazichochea?

SWALI: Ndugu mhariri, naomba ufafanuzi. Nchi kubwa inatoa hela, silaha na mafunzo kwa jeshi la nchi yenye waasi, wanasema ni kwa ajili ya amani, sasa mbona mara nyingi mauaji yanaendelea na wanajeshi wanapindua serikali? Msaada ndo tatizo au tunausingizia?

JIBU: Ndugu yangu, hatuusingizii, ila inategemea jeshi linalopokea linawajibika kwa nani.

Angalia Colombia. Kuanzia 2000 Marekani ilimwaga mabilioni ya dola kupitia Plan Colombia, kupambana na kokeni na waasi. Utafiti wa wachumi uliotoka 2015 ulilinganisha maeneo yenye kambi za jeshi na yasiyo nazo, ukakuta msaada ukipanda basi mashambulizi ya wanamgambo wanaopinga waasi yanaongezeka kwenye maeneo yenye kambi, halafu ya waasi wenyewe wala hayapungui! Maana wanamgambo walikuwa wanashirikiana na baadhi ya wanajeshi, kwahiyo kinachoingia kambini kinawafikia na wao. Kibaya zaidi, makamanda walikuwa wanadai idadi ya maiti na askari wanapewa likizo na zawadi, matokeo yake raia wakauawa wakaandikwa ni waasi, na mahakama maalumu ya amani ya nchi hiyo imehesabu angalau watu 6,402 kati ya 2002 na 2008. Hao ni vijana walioahidiwa kazi, ni wakulima, inauma sana.

Mapinduzi nayo ni hivyohivyo. Amadou Sanogo aliyepindua Mali 2012 alisomeshwa Marekani, na Jenerali Moussa Barmou aliyekuwemo kwenye mapinduzi ya Niger 2023 pia. Sisemi walifundishwa kupindua, hapana, ila unapomwongezea afisa uwezo wakati bunge na mahakama vimebaki dhaifu, nani atamzuia?

Marekani ina sheria ya Leahy inayokataza kusaidia kikosi chenye ushahidi wa kutesa au kuua raia, ni sheria nzuri ila inataka mtu wa kuleta huo ushahidi, na mashahidi wenyewe wanatishiwa.

Pale Sierra Leone, Uingereza haikuishia kwenye silaha, ilijenga upya na wizara ya ulinzi na polisi, washauri wakakaa miaka mingi. Vita ilitangazwa kuisha Januari 2002, na jeshi lililopindua serikali 1992 na 1997 halijashika tena madaraka.