Kwa Nini Keki Iitwe Paris-Brest?

SWALI: Mhariri, katika kitabu cha mapishi ya Kifaransa nimekutana na keki iitwayo Paris-Brest. Ninafahamu kwamba hiyo ni miji miwili ya Ufaransa, lakini inahusianaje na keki? Mwenzangu anashikilia kwamba iliuzwa kwanza ndani ya garimoshi la kwenda Brest.

JIBU: Garimoshi halimo katika habari hii, jina limetokana na baiskeli. Mwaka 1891 Pierre Giffard, mwandishi wa gazeti la Le Petit Journal, alianzisha mashindano ya baiskeli ya kutoka Paris hadi Brest, bandari iliyo upande wa magharibi kabisa wa Ufaransa, na kurudi, mwendo wa takriban kilomita 1,200. Mshindi wa mwaka huo, Charles Terront, alitumia muda usiotimia saa 72.

Huko Maisons-Laffitte, mji ulio jirani na Paris, Louis Durand alikuwa na duka la keki. Inaelezwa kwamba mwaka 1910 Giffard alimwomba abuni keki ya kuyaenzi mashindano hayo, naye akachagua umbo la gurudumu. Wapo wanaoitaja keki yenyewe kuwa ya mwaka 1891, lakini kwa maoni yetu hao wanachanganya umri wa mashindano na umri wa keki.

Gurudumu hilo huanza kwa kinyunga laini cha maji, siagi, unga wa ngano na mayai, ambacho hukamuliwa kwa mfuko kufuata duara, kikanyunyiziwa lozi zilizokatwa vipande vyembamba na kuokwa. Hakitiwi hamira, mvuke wa ndani ndio unaokiumua na kuacha uwazi. Kikipoa hupasuliwa kwa ubapa, kikajazwa krimu iliyochanganywa na praline, yaani lozi zilizopikwa katika sukari hadi ikageuka kahawia, kisha zikasagwa. Praline nayo imepewa jina la jemadari wa karne ya 17, du Plessis-Praslin, ijapokuwa aliyeshika mwiko, kama isimuliwavyo, ni mpishi wake.

Jina kamili la mashindano ni Paris-Brest-Paris, na hadi leo waendesha baiskeli wa ridhaa huifuata safari hiyo kila baada ya miaka minne, wengi wao wakipewa saa 90 kuimaliza. Keki imechukua jina la safari ya kwenda tu.