Asumini inachipua majani, mizizi haina

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Shela, Lamu. Napanda vitawi vya asumini kwenye makopo. Baada ya siku chache vinatoa majani, halafu vinanyauka vyote. Nikichomoa kimoja, chini kimevimba kitu cheupe kigumu, mzizi hata mmoja hakuna. Tatizo nini?

JIBU: Marahaba. Majani hayo ndiyo yanayokudanganya. Tawi lililokatwa lina akiba ya chakula shinani, na macho yaliyokuwa tayari kwenye vifundo hufunguka kwa akiba hiyo. Mzizi haukuwapo kabisa. Lazima uundwe upya. Homoni iitwayo auksini hutoka kwenye ncha na majani machanga, ikateremka na kujikusanya palipokatwa. Hapo seli zilizo karibu na mishipa ya shina huanza kugawanyika mpaka zifanye ncha ya mzizi. Kwa asumini, hesabu wiki tatu hadi sita. Majani yakitangulia kwa wingi, maji yanapotea juu na chini hakuna wa kuyavuta. Ule uvimbe mweupe ni jeraha linalofunga. Usiutupe mche kwa sababu yake, bado ungali hai.

Chukua tawi lisilo changa sana wala gumu, sentimita 10 hadi 15. Likate kwa wembe chini kidogo ya kifundo, bakisha majani mawili ya juu na uyapunguze nusu. Usiyaondoe yote, maana ndiyo yanayolisha mizizi itakayokuja. Funika kopo kwa mfuko mweupe wa kupitisha mwanga, uliweke kivulini. Unga wa homoni wa agroveti unasaidia, lakini asumini huota hata bila huo.

Ninachokishuku zaidi ni chumvi. Visima vingi vya Lamu vina maji ya magadi; tumia ya mvua. Mchanga wa ufuoni haufai, na ule wa vilima vya Shela tafadhali usiuguse, ndio unaotuhifadhia maji ya kunywa. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa ni mazuri sana, ila yakiwa yalifukiwa baharini kwa ajili ya kusokota kamba, yasuuze kwa maji matamu mara kadhaa. Kamua konzi moja: yakichuruzika yamezidi maji, na mzizi unaoanza hufa kwa kukosa hewa.

Ukiona bado taabu, usikate kabisa. Laza tawi la chini, likwaruze chini ya kifundo, lifukie likiwa bado kwenye mama yake, ulitenge likishashika mizizi.