Mimba Ilitoka, Bosi Akanipa Siku Tatu: Maswali Yenu Kuhusu Likizo

Barua za safari hii ni nyingi, na karibu zote zinaanza kwa neno "naomba". Naelewa linakotoka. Kwa miaka kadhaa nilikuwa karani wa mishahara kiwandani, na fomu yetu ya likizo ilikuwa na mstari ulioandikwa "Sababu ya kuomba ruhusa". Siku moja mama mwenye tumbo la miezi minane alisimama mbele ya meza yangu, kalamu mkononi, akaniuliza, "Sasa hapa niandike nini?" Tumbo lilikuwa limeshaijaza fomu yenyewe. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 haizungumzii ruhusa. Inasema mfanyakazi ana haki. Majibu yangu yote ya leo yanasimama hapo.

*

"Nafanya kazi kiwandani hapa Jinja, upande wa kufungasha. Mimba yangu ilitoka ikiwa na miezi mitano. Supavaiza alisema likizo ya uzazi ni ya waliozaa, akanipa siku tatu. Nimerudi kazini na damu bado inatoka. Nina haki yoyote?"

Dada yangu, pole sana. Pole kwa mtoto, na pole kwa kusimama kwenye mashine na mwili haujapona.

Supavaiza wako amekosea. Sheria inampa mwanamke siku 60 za kazi, kwa mshahara kamili, kwa sababu ya ujauzito. Haikusema kwa sababu ya kuzaa. Tena imetaja jambo lako waziwazi: katika likizo hiyo, wiki zisizopungua 4 lazima ziwe baada ya kujifungua au baada ya mimba kutoka. Hizo wiki 4 hazina mjadala hata kidogo. Na kwa jinsi ninavyokisoma kifungu hicho, hakuna mahali kinapompunguzia siku 60 mama aliyepoteza mimba. Siku tatu zake sijui alizitoa wapi.

Fanya hivi, ikiwezekana kesho. Kwanza rudi hospitali au kituo cha afya ulikotibiwa, upate cheti cha daktari au cha mkunga. Mkunga anatosha, sheria imemtaja kwa jina la kazi yake, na mwajiri ana haki ya kukidai cheti hicho. Pili andika barua fupi. Usieleze uchungu wako wote, hawa wa ofisini hawastahili kuusoma. Andika tarehe mimba ilipotoka, andika kwamba unachukua likizo ya uzazi kwa mujibu wa Sheria ya Ajira, taja siku unayotarajia kurudi, ambatanisha nakala ya cheti. Toa nakala mbili. Moja wapokee, nyingine wakugongee muhuri au wakuandikie "imepokelewa" na tarehe, ubaki nayo. Nimeona madai mazuri yakifa kwa kukosa karatasi hiyo moja yenye muhuri.

Wakikataa, nenda kwa afisa wa kazi wa wilaya. Wakikufukuza, nenda haraka zaidi: malalamiko ya kufukuzwa isivyo haki yanatakiwa yafike kwake ndani ya miezi 3. Anaweza kupokea yaliyochelewa ukimpa sababu ya maana, lakini usijiweke kwenye hali ya kumbembeleza mtu. Ujauzito hauwezi kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na kuchukua likizo unayostahili vilevile. Sheria imeyaandika yote mawili. Ukimaliza likizo unarudi kwenye kazi ileile uliyoiacha, au kazi nyingine inayokufaa yenye masharti yasiyo duni kuliko ya kwanza. Wakikurudisha kwenye kufagia ghala kwa mshahara mdogo, hapo wamevunja sheria mara ya pili.

*

"Mimi ni mhudumu wa kliniki ya binafsi, Mbale. Tunafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi. Bosi amehesabu siku 60 na Jumapili zikiwemo. Ni sawa?"

Si sawa. Sheria inasema siku 60 za kazi, na hilo neno "kazi" ndilo wengi wanaloruka. Chukua kalenda ya ukutani, mkae naye. Kama kliniki inafungua siku 6 kwa wiki, siku 60 ni wiki 10 kamili. Kwa wenzako wanaofanya kazi siku 5, ni wiki 12. Akihesabu na Jumapili utarudi baada ya wiki 8 na siku chache, ukiwa umetumia siku 52 tu za kazi. Siku 8 zimepotea, na mtoto wa umri huo bado analala mchana na kukesha usiku.

Sikukuu za serikali nazo si siku za kazi. Likizo yako ikipita mwezi Juni, ruka tarehe 3, Siku ya Mashahidi, na tarehe 9, Siku ya Mashujaa. Jambo moja la upande wako: mpe mwajiri taarifa ya kurudi kwako siku 7 kabla, kwa maandishi. Ni sharti dogo, lisikuponze.

*

"Mimi ni dereva wa lori, makao yangu Malaba. Mke wangu alijifungua nikiwa njiani kwenda Juba. Nilifika nyumbani siku ya tisa. Kampuni inasema siku zangu 4 zimeshapita. Kweli?"

Kaka, hongera kwa mtoto. Sheria inampa baba siku 4 za kazi kwa mwaka, na mshahara wake wote, mara tu baada ya mkewe kujifungua au mimba kutoka. Hayo maneno "mara tu baada ya" ndiyo kampuni inayoyashikilia, na siwezi kukudanganya kwamba hayapo. Lakini wewe hukuchelewa kwa sababu ya starehe. Ulikuwa kwenye gari lao, na mzigo wao. Mwandikie meneja wa usafiri hivyohivyo, ukitaja tarehe ya kutoka Malaba na tarehe ya mtoto kuzaliwa, uchukue siku 4 hizo kuanzia ulipofika. Meneja mwenye akili atakubali. Akigoma, chukua siku za likizo yako ya mwaka ukae na mama mtoto, kisha ulizungumze suala hilo na afisa wa kazi ukiwa umetulia.

Siku 4 ni chache mno, nalisema hilo bila kuficha. Mwanamke aliyefanyiwa upasuaji siku ya nne hata ndoo ya maji hanyanyui. Ndiyo maana nawaambia akina baba wote: mkijua mwezi wa kujifungua, pangeni likizo ya mwaka iungane na siku hizo 4. Na wewe dereva, safari ndefu ya mwezi wa tisa wa mimba ikatae mapema, kwa barua.

*

"Mume wangu amefariki mwezi uliopita. Naishi Bombo, ni mwalimu wa shule ya binafsi. Nipo kwenye eda. Mwalimu mkuu amenipa wiki moja ya msiba, anasema ikizidi nafasi yangu itachukuliwa."

Mama, Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu na akupe subira. Jibu langu halitakufurahisha, ila ni bora ulijue. Sheria ya Ajira haina likizo ya msiba. Hiyo wiki moja uliyopewa inatokana na mkataba wenu au kanuni za shule, au ni moyo wa mwalimu mkuu tu. Na eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, muda ambao hakuna kifungu kinachoufikia.

Kwa hiyo unajenga kwa matofali yaliyopo. Una siku 21 za likizo ya mwaka zenye mshahara kama hujazitumia, na hizo hazihitaji huruma ya mtu, kinachohitajika ni kukubaliana tarehe. Tazama kalenda ya shule, uone wiki ngapi za eda zitaangukia muda wa shule kufungwa. Zilizobaki, pendekeza likizo isiyo na mshahara, na uandike jina la mwalimu wa kushika vipindi vyako. Mapatano hayo yaandikwe na kutiwa sahihi na pande zote mbili, neno "utarudi kwenye nafasi yako" liwemo. Ukiona ni vizuri, mtume kaka yako au imamu wa msikiti wenu akaongee na mwalimu mkuu kwanza. Barua inayofuata mazungumzo ya wazee hupokelewa vingine.

Wanaofanya kazi serikalini wana kanuni zao za kudumu za utumishi. Hao wamwone afisa utumishi wao.

*

"Askari wa ulinzi, Arua. Nimelazwa wiki tatu, kampuni imenikata nusu mshahara na kusema siku hizo zimetoka kwenye likizo yangu ya mwaka."

Makosa mawili kwa pigo moja. Aliyefanya kazi mwezi mmoja au zaidi, akaugua, analipwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa mshahara wote pamoja na marupurupu yake. Na ugonjwa haulipiwi kwa likizo ya mwaka. Wewe ulichotakiwa ni kuwapa habari mapema iwezekanavyo na kuonyesha cheti cha daktari wakikiomba. Kikaratasi cha duka la dawa hakitoshi, chukua cha hospitali iliyokulaza.

Ujue pia upande wa pili. Mwezi wa pili ukiisha na bado huwezi kazi, mwajiri anaruhusiwa kuvunja mkataba, mradi akulipe yote unayodai mpaka siku hiyo. Kama uliumizwa kazini, hilo ni jambo jingine lenye sheria yake, ya fidia ya wafanyakazi ya mwaka 2000. Niandikie tena.

*

"Likizo ya masomo ipo kisheria?" (Kasese)

Kwa kampuni binafsi, hapana. Soma mkataba wako. Kama haimo, idai wakati wa kusaini mkataba mpya, maana ndipo una sauti.

*

"Nipo mjengoni Entebbe mwezi wa tisa sasa, nalipwa kwa siku. Fomeni anasema vibarua hawana likizo."

Ndugu, wewe si kibarua tena. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema mtu hawezi kuwekwa kibarua zaidi ya miezi 4. Ikipita hiyo ukiwa bado upo, unastahili mkataba wa maandishi na haki za wafanyakazi wengine. Dai mkataba kwanza, likizo itafuata ndani yake.

*

"Mimi ni dada wa kazi, Ntinda, mwaka wa tatu. Sina siku ya kupumzika. Krismasi mama mwenye nyumba alinipa siku mbili na shilingi elfu hamsini, akasema ndiyo likizo yangu ya mwaka, ameshainunua."

Binti yangu, barua yako nimeisoma mara mbili.

Sheria ya Ajira inakuhusu wewe kama inavyomhusu karani wa benki. Baada ya siku 6 za kazi unastahili saa 24 mfululizo za kupumzika. Kila miezi 4 ya kazi inakupa siku 7 za likizo zenye mshahara, yaani siku 21 kwa mwaka, ukishatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Tarehe 25 na 26 Desemba ni sikukuu za kila mtu, haziingii humo. Na likizo hiyo hainunuliki: mapatano ya kuiacha, kwa pesa au bila pesa, ni batili hata kama uliyakubali kwa kinywa chako.

Najua unalala kwenye nyumba yake, na kuongea kuna gharama. Anza na daftari. Andika tarehe uliyoanza kazi, kila mshahara uliopokea, kila Jumapili uliyofanya kazi. Kisha chagua jioni ambayo hana haraka, umwambie, "Mama, nataka kwenda nyumbani kuwaona wazazi, tupange lini nichukue siku zangu ishirini na moja." Usiseme naomba ruhusa. Akikufukuza kwa neno hilo, likizo usizotumia zinalipwa unapoondoka, na daftari lako ndilo utakaloliweka mezani kwa afisa wa kazi.